Reli ya Chini ya Nyumba

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Kazi mpya. Manassas. Nyumba nzuri, zulia mpaka chooni — sijui nani aliwashauri.

Nimeletwa na Cherono, yule Mkenya wa kanisani kwetu Lanham anayejua kila kazi iliyo wazi kutoka Maryland mpaka Virginia. Nitalala hapa siku za kazi, Ijumaa jioni narudi kwa mwanangu Adela. Njia nzima Cherono kanihubiria kumshinda padri. "Mama Adela, hii ni job poa sana. Family ni wapole, mzee ni quiet. You just sit. Usiniangushe, tafadhali."

Wenye nyumba ni Ted na mkewe Diane. Ted ni Mjapani, jina lake hasa ni Tadashi, lakini ofisini kwake Washington liliwashinda wakamwita Ted. Diane ni wa hapa hapa Virginia. Mtu wangu ni baba yake Ted, Mzee Kawamoto. Si mgonjwa hata. Mwezi wa nane alianguka kwenye ngazi za kushuka besimenti, chumba cha chini ya nyumba, akavunjika mkono, na daktari akasema hiyo miguu na ngazi basi tena. Kwa hiyo kazi yangu ni moja tu: Mzee asishuke besimenti. Akianguka tena, itabidi apelekwe nyumba ya wazee kule Fairfax. Ted alilisema hilo huku anaangalia viatu vyake. Hataki kumpeleka, nimemwona.

Nikamwambia aende kazini kwa amani. Mimi nimelea watoto wanne kando ya reli, nitashindwa na mzee mmoja juu ya zulia?

Nikaenda jikoni kuweka maji ya chai. Kurudi, kiti cha Mzee kitupu.

Halafu nikasikia sauti kutoka chini. Tiki-tiki. Tiki-tiki. Tiki-tiki. Sauti ile naijua, nimelala nayo ndoa nzima.

Nimeshuka. Treni! Si treni ya kuchezea mtoto — besimenti nzima ni reli. Iko juu ya meza zilizoungwa kuzunguka kuta zote, ina madaraja, mashamba ya mpunga, vijiji vyenye mapaa yaliyochongoka, na bahari iliyopakwa rangi ya buluu kwenye ubao. Mji mmoja mkubwa uko pembeni ya mashine ya kufulia, mwingine kwenye boila la maji ya moto, na mwisho wa reli uko nyuma ya friza. Na katikati Mzee, kavaa kofia ya kazi, ananyoosha kidole.

Nimeruka majivu nimekanyaga moto. Marehemu mume wangu Isack alikuwa stesheni masta. Saranda, Itigi, tena Saranda. Krismasi zangu zote ziliibwa na treni. Siku tuliyomzika niliapa kwamba reli na mimi tumeachana. Nikapanda ndege nikavuka bahari. Kumbe reli ilinitangulia, ikakaa besimenti ikinisubiri.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimejua anavyoshuka. Anashuka kwa makalio. Anakaa ngazi ya juu kama mtoto mchanga, anateleza moja moja. Nilikaa mlangoni pa besimenti na kiti changu. Akaniletea chai mwenyewe, akaniinamia. Nikaona haya, nikainuka kuipokea — akapita.

Kiingereza chake na changu vikikutana, kimoja kiwete na kingine kipofu, lakini tunafika. Alikuwa kondakta wa treni kule kwao, katika reli ya Sanyo. Inaanzia mji wa Kobe — ndio huo wa mashine ya kufulia — inapita kando ya bahari, miji mikubwa na vijiji ambako anashuka bibi mmoja na kikapu chake, inafika Hiroshima kwenye boila, inaishia Shimonoseki, nyuma ya friza.

Ana mdudu mmoja. Kila kitu lazima akinyooshee kidole na kukitaja. Jiko limezimwa? Kidole. "Jiko, yoshi." Mlango umefungwa? "Mlango, yoshi." Yoshi maana yake ni sawa. Anasema ndivyo wafanyakazi wa reli kwao walivyofundishwa, jicho lione, kidole kionyeshe, mdomo useme, ili mtu asijidanganye. Isack yeye alikuwa anachungulia dirishani na kikombe mkononi. Treni ipo? Ipo. Basi.

Alhamisi, 8 Oktoba

Leo nimemuuliza vizuri, hivi kinachomshusha chini ni nini hasa, kama si kutaka kunifukuzisha kazi?

Akanionyesha. Palepale chini ya ngazi pana stesheni ndogo, jina lake Seno. Ndiko alikoanzia kazi akiwa kijana. Baada ya Seno reli inapanda mlima mkali kwelikweli, treni za mizigo zamani zilikuwa zinasukumwa kwa nyuma. Mlima wenyewe haupo. Umelala chali. Mwezi wa nane alipoanguka, aliuangukia.

Kwa hiyo treni ikitoka Hiroshima inaishia Seno. Haiwezi kwenda Kobe. Abiria wa Kobe, akasema, wamekwama Seno tangu mwezi wa nane. Alisema na uso wa mtu anayewahurumia kweli. Nikatazama stesheni. Vitu vidogo vya plastiki vimesimama na masanduku yao. Na mimi nikawahurumia, Mungu wangu, nimeingiliwa na nini?

Saranda nayo iko chini ya mlima hivyohivyo. Kumkumbuka Isack nilimkumbuka. Nikakasirika kwa kumkumbuka.

Tumepatana. Atashuka mara moja kwa siku, mimi nikiwa mbele yake, naye kwa makalio tu. Tukimaliza mlima, hashuki tena. Ametoa kidole, akaninyooshea: "Bena-san, yoshi." Bena ndiye mimi, na san ni heshima ya kwao. Nimeajiriwa kulinda ngazi na mimi ndiye konda wa ngazi. Hii Cherono haijui na hataijua.

Jumapili, 11 Oktoba

Lanham. Misa. Padri alipowasha mshumaa nikanyoosha kidole. Sikukusudia. Na neno lilikuwa limeshafika mdomoni, nikalimeza kwa kukohoa. Adela akaniuliza kwa nini namsonta padri.

Nyumbani nikamweleza. Ni nesi, anajua kuficha mambo ya wagonjwa. Akaweka kijiko chini. "Mama, please. Umeajiriwa kumzuia asishuke, sasa wewe ndiye unamshusha?" Nikamwambia namshusha salama. Akasema Marekani hakuna kitu kinaitwa kumshusha salama. Akaendelea hivyo mpaka wali ukapoa.

Jumanne, 20 Oktoba

Gundi imeisha. Mzee anajenga mlima kwa matabaka ya magazeti, na chupa yake ya gundi imekauka tangu alipoanguka. Ted hatuwezi kumwagiza, atauliza ya nini.

Mimi nimekosa gundi lini? Saranda watoto wakitaka kubandika picha za shule, mama anapika uji mzito wa unga, unabandika mpaka unashangaa. Nikachukua unga wa mahindi niliotoka nao Lanham, nikasonga mwepesi. Mzee akachovya kidole, akanusa, akaonja — akafikiri kidogo — "Yoshi."

Tumepaka mlima mzima. Sufuria mbili. Pale kileleni palipokuwa panabonyea nilijaza ugali wenyewe, nikalainisha na mwiko. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Sijawahi kumsikia akicheka.

Ijumaa, 30 Oktoba

Mlima umekauka ngumu kama ukoko. Tumeupaka kijani, Mzee kabandika vijiti vya misonobari kimoja kimoja. Leo treni imetoka Hiroshima, imesimama Seno, imepanda mlima, imefika Kobe. Abiria wa mwezi wa nane wamefika.

Mzee kavua kofia. Na mimi nilijikuta nimesimama wima, kitambaa cha vyombo begani, nalia. Kwa treni! Isack angenicheka mwaka mzima.

Mapatano yalikuwa mlima ukiisha hashuki tena. Nimemkumbusha. Akasema ndiyo, kabisa, isipokuwa sasa kuna treni za kuendesha.

Jumatano, 4 Novemba

Tumegombana.

Leo kanikabidhi kile kisanduku cha umeme chenye kitufe cha kuzungusha, niendeshe mwenyewe Hiroshima mpaka Kobe. Ana ratiba ukutani. Ana saa ya mfukoni. Nikatoka Hiroshima vizuri. Nikasimama Seno. Mzee akasema nenda.

Nikasema bado.

Akatazama saa. Nenda. Bado. Akauliza kuna nini. Nikamwambia watu hawajamaliza kununua kuku. Maana stesheni ya chini ya mlima ndivyo ilivyo. Saranda wanawake wanakimbilia madirishani na beseni kichwani, kuku wa kuchoma, mayai, karanga, na treni inasubiri watu wale. Ni nani anapandisha mlima na njaa?

Akasema Seno hakuna kuku. Nikasema ndiyo maana pana ukiwa. Akasema katika maisha yake yote ya kazi hajapata kuchelewesha treni. Hata siku mkewe alipojifungua Ted yeye alikuwa kazini, na treni iliondoka kwa wakati. Alijivuna kabisa kusema hivyo.

Nikamwambia basi wewe na Isack mngeelewana, nyote mawe. Nikaweka kitufe chini, nikapanda juu. Nikakumbuka yuko peke yake na ngazi, nikashuka tena kumpandisha. Kugombana na mtu unayemsukuma makalio ni kazi.

Alhamisi, 5 Novemba

Kanuna. Mimi pia.

Ijumaa, 6 Novemba

Nilitaka nimalize wiki bila neno. Lakini roho iliniuma. Kwamba hata mkewe akijifungua, treni kwa wakati.

Nikamsimulia. Nilitumia mto wa kochi kuonyesha mimba. Mimba ya Adela iligeuka vibaya, mkunga wa Saranda akasema Dodoma, tena leo hii. Treni ya Dodoma ilikuwa imeshafika stesheni na mimi bado nyumbani, nabebwa kwa kitanda cha kamba. Na Isack, mtu wa kanuni, ambaye aliwahi kumwacha mama yake mzazi na vikapu vyake kwa sababu kipenga kilikuwa kimeshalia, alisimama mbele ya kichwa cha treni na bendera nyekundu. Dereva akauliza kuna nini. Isack akajibu abiria hawajamaliza kununua kuku. Baadaye dereva akauliza tena. Akajibu kuku bado. Behewa zima lilikuwa linalamba vidole, na yeye anasema kuku bado, mpaka nikaingizwa ndani.

Hakunihadithia kamwe. Waliniambia wauza kuku. Siku ile moja treni ilinisubiri mimi, na nilimpenda Isack kwa siku ile kuliko kwa Krismasi zote alizonikosesha.

Mzee alichukua mto akaurudisha kwenye kochi, akaunyoosha vizuri.

Mchana nimechoma mapaja ya kuku kwa limau na pilipili. Akayapanga kwenye kisanduku na wali, kila kitu pembe yake. Anasema kwao nako stesheni kubwa wanauza chakula cha safari, kwenye visanduku, na kila mji una chake. Kumbe! Sasa tulikuwa tunagombania nini?

Niliporudi kutoka kuosha vyombo, Seno pale kwenye jukwaa wamesimama wanawake watatu wadogo wa udongo. Kila mmoja na beseni kichwani. Mzee amechora kuku wao kwa rangi ya kahawia, kwa ncha ya sindano. Akawanyooshea kidole. "Kuku, yoshi." Nikamfundisha na neno bado.

Jumanne, 10 Novemba

Balaa.

Treni ilikuwa inapanda mlima ikatoweka. Haikuanguka pembeni. Ilizama. Tumechungulia tundu. Ndani ya mlima kuna panya, mama mzazi, na watoto wake juu ya magazeti, na kileleni pale pa ugali pamebaki ganda tupu. Wamekula Seno kutoka ndani.

Mzee akatazama panya. Panya akatazama Mzee. Nilisubiri aninyooshee mimi kidole, kwa haki. Akasema polepole kwamba mahindi yalikuwa matamu, yeye alionja.

Kesho asubuhi tutashuka mapema tuwahamishe, hakuna atakayejua.

Jumatano, 11 Novemba

Leo ni sikukuu ya askari wazee. Ofisi zimefungwa. Mimi nani aliniambia?

Gari lilitoka asubuhi, nikajua wote wameondoka. Kumbe ni Diane tu, kaenda dukani. Nikaanza kumshusha Mzee. Mimi mbele kinyumenyume, yeye kwa makalio, wote tunaimba. Ngazi, yoshi. Ngazi, yoshi. Tulipofika katikati nikainua macho. Ted yuko mlangoni na nguo za kulalia na kikombe.

Hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Akamuuliza baba yake kitu kwa lugha yao. Mzee akiwa amekaa vilevile kwenye ngazi akajinyooshea kidole kifuani. Mimi nikasema hapana, ni mimi, na gundi ni mimi, na unga ni wangu.

"Gundi gani?" akauliza Ted.

Hapo Diane akawa amerudi. Akapita katikati yetu na kapu la nguo chafu, anaomba radhi, akaenda Kobe kufua. Panya naye alikuwa Kobe. Yale makelele nadhani Fairfax waliyasikia.

Alhamisi, 12 Novemba

Imekwisha. Mzee atahamia nyumba ya wazee Fairfax, Jumamosi baada ya sikukuu yao ya shukrani, ile ya kula bata mzinga. Ted kasema si kwa sababu ya panya. Ni kwa sababu kila siku akiwa ofisini simu ikilia anadhani ni hospitali. Nisingeweza kumbishia. Mimi nitakaa hadi siku hiyo.

Reli haihamishiki. Meza zimefungwa ukutani, na juu sebuleni hakuna nafasi. Ted alikwenda Fairfax na futi ya kupimia. Chumba kinatosha kitanda, kiti, na stesheni moja. Akamuuliza baba yake anataka akatiwe ipi. Mimi nilidhani Kobe, au Hiroshima yenye mataa.

Seno, kasema Mzee.

Jumapili, 15 Novemba

Cherono kanikamata nje ya kanisa. "Mama Adela, panya? Serious? Kati ya vitu vyote?" Halafu akaniona uso, akanishika mkono. Rafiki yake anafanya kazi hukohuko Fairfax. Anasema ni pazuri. "Kuna garden, kuna bingo, food ni sawa." Nikamuuliza kama kuna treni. Akasema kuna basi ya kwenda kununua vitu kila Alhamisi.

Adela hakusema, "Nilikuambia." Alinipikia. Hilo lilinichoma zaidi.

Ijumaa, 20 Novemba

Asubuhi nimekuta mfuko wa plasta, ule unga wa kusilibia ukuta, kwenye ngazi ya juu. Mzito, mpya, wa dukani. Ted alikuwa ameshaondoka na hakuacha maneno.

Tumejenga mlima upya, wa plasta tupu. Mzee kaunusa, akakunja uso. Anasema hauna ladha.

Alhamisi, 26 Novemba

Bata mzinga. Mkavu. Diane alinikaribisha mezani, na Adela pia alialikwa, akaja na sambusa. Diane ni mtu mwema, alikula sambusa tano na kuniuliza kama ndani kuna panya. Tulicheka wote, hata Ted. Mzee alikata paja akaliweka kwenye leso, akafikiri hatumwoni.

Jumamosi, 28 Novemba

Naandika nimekaa ngazi ya chini kabisa, daftari juu ya goti. Nisipoandika nitalia, na nikilia Mzee atachelewa kwa ajili yangu.

Mabegi yako kwenye gari. Diane yuko garini, kawasha joto. Ted alisema treni moja ya mwisho, Hiroshima mpaka Kobe, halafu atakata Seno waondoke. Msumeno kaushika. Yuko juu mlangoni, hataki kushuka mapema, anampa baba yake nafasi.

Mzee kavaa kofia. Kakagua mabehewa yote, kidole, yoshi, kidole, yoshi. Reli ya mlima, yoshi. Friza hadi boila, yoshi. Akanipa mimi kipenga. Mimi! Nikapuliza. Treni ikatoka Hiroshima, ikapita mpunga, ikapita kijiji cha bibi mwenye kikapu, ikaingia hapa Seno mbele ya magoti yangu, ikasimama. Wanawake watatu wako jukwaani na mabeseni yao. Pembeni yao kuna leso, ndani kuna paja la bata mzinga la juzi.

Kwa ratiba ilitakiwa iondoke papo hapo. Nimemtazama Mzee. Katazama saa yake ya mfukoni. Halafu kaifunga, kairudisha mfukoni, akatoa mkono kwenye kitufe.

Ted kaita kutoka juu, kwa upole, baba, gari liko tayari.

Mzee hakugeuka. Kanyoosha kidole kwa wauza kuku, mkono umenyooka kabisa, kidole hakitetemeki.

"Kuku," kasema. "Bado."

Ted kaita tena. Mzee kajibu vilevile. Kuku bado.

Msumeno hauwezi kukata stesheni yenye treni. Hata mtoto anajua. Na huyu ndiye mtu ambaye hajapata kuchelewesha treni maishani.

Sasa Ted anashuka. Amesimama nyuma yangu, namsikia anahema. Anatazama baba yake, anatazama treni, anatazama wale wanawake wa udongo ambao hajawahi kuwaona. Sijui ataanza kwa kukasirika au vipi. Anakaa. Kakaa kwenye ngazi, pembeni yangu, na msumeno kauweka nyuma yake.

Kaniuliza kwa sauti ndogo, hapa treni huwa inasimama muda gani.

Nimemwambia inategemea kuku.